Msaada wa Mafuriko Dodoma: Gunia, Fedha au Mbegu?

Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyoikumba Kilosa na kuharibu reli ya kati hadi upande wa Gulwe wilayani Mpwapwa, mkoani Dodoma, yaliacha swali linalorudi kila mto unapovunja kingo katika ukanda huu mkavu: kaya iliyosombewa nyumba na akiba ipewe chakula na mahema, au ipewe fedha ijinunulie yenyewe?

Wanaotetea fedha wana hoja nzito. Fedha hutumwa kwa simu bila kungoja lori, humwachia mama mwenye kaya aamue kama shida yake ni sufuria, dawa au nauli, na humpa mwenye duka la kijijini, ambaye naye amepata hasara, nafasi ya kusimama tena. Hata hivyo, hoja hiyo inachukulia kwamba sokoni kuna kitu cha kununua. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na hiyo ndiyo miezi ambayo vihenge vimepungua na bei ya mahindi imepanda. Daraja likishachukuliwa na maji, fedha nyingi zinazokimbilia magunia machache huzidi kupandisha bei, na hata jirani ambaye hakufikwa na mafuriko huumia. Hapo mahindi ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hufaa kuliko noti.

Msaada wa vitu nao una kasoro zake, kuanzia marundo ya nguo ambazo hakuna aliyeziomba hadi orodha ya haraka inayohesabu wenye nyumba na kuwasahau wapangaji. Kasoro hii ya pili fedha haiiondoi, kwa kuwa orodha ni ileile.

Ninaloona linapuuzwa na pande zote mbili ni mbegu. Shamba la mtama au uwele likisombwa Januari, mkulima ana wiki chache tu za kupanda upya mbegu ya muda mfupi kama mtama wa aina ya Macia. Zikimpita, atangoja mvua za Desemba na mavuno ya mwaka unaofuata, huku akila msaada ambao kwa kawaida hukoma mapema zaidi. Kwa hiyo lori la kwanza lingebeba unga, dawa ya kutibu maji na mbegu kwa pamoja, na fedha zifuate barabara ikifunguka. Mbegu inayosubiri hafla ya makabidhiano mwezi Machi haitapata mvua ya kuikomaza.