Mustikeri irudi ku kitanda

Jana jioni nilinunua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, pale sokoni Muhanzi, kufika nyumbani namwaga mu sahani nioshe, naona karibu nusu ni tutoto, twembamba kama sindano, macho na mkia basi. Asubuhi nikarudi kumuuliza mama anayeniuziaga. Akanijibu bila kuficha: "Mwanangu, mwezi unawaka, ekipe hazijatoka, hizi ni za mustikeri, wamevuta pembeni." Ekipe ni mitumbwi ya taa inayovuaga usiku katikati ya ziwa, mustikeri ni chandarua cha mbu. Jirani yake akaongeza eti niache makelele, Kivu ni kubwa, na sambaza inakulaga matope, haiwezi kuisha.

Hapana. Hapana kabisa. Sambaza haikulagi matope. Inakula planktoni, vile vidudu vidogo vinavyoelea mu maji, na usiku vikipanda juu sambaza inavifuata, njo maana taa za ekipe zinafanya kazi: vidudu vinakuja ku mwangaza, sambaza inakuja ku vidudu. Mwezi ukijaa mwangaza uko kila mahali, taa inakosa nguvu. Na huo ukubwa wa ziwa, ndiyo, chini inafika karibu mita 485, lakini ukipita kama mita 70 hakuna oksijeni, ni gesi, hakuna samaki wa kuishi kule. Meza ya sambaza ni yale maji ya juu tu.

Wazee wetu hawakuwa na hii samaki. Ililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu katikati ya Kivu hapakuwa samaki wa kula ile planktoni.

Sasa pembeni njo inatagia, pembeni njo watoto wanakula na kukomaa mbele ya kwenda katikati. Ukivuta mustikeri pale, unabeba mu beseni moja sambaza zote za miezi inayokuja, pamoja na wale samaki wanaokwangua ukijani ku mawe, na kuna aina kati yao hazipatikani ziwa lingine lolote duniani!

Najua, wavu mzuri ni bei, na mtoto akilia njaa baba hahesabu mwezi. Sawa. Lakini mwezi unapungua kisha siku chache, na ile mustikeri ilitolewa bure juu ya malaria, leo iko mu maji na yule mtoto analala anaumwa na mbu.

Nimemwambia mama, ekipe zikitoka anipigie, hata saa kumi na moja alfajiri nitashuka.