Msifunge Pazia Hadi Machi

Ikifika Novemba, wengi wetu tuliohamia nchi za baridi huiaga bustani kama mtu anayesafiri mbali. Viti vinaingizwa ndani, pazia linashushwa, na ukimuuliza mtu anakujibu kwamba huku kila kitu kimekufa hadi Machi. Mimi nilisema hivyo miaka mitatu mfululizo. Sasa naona nilikosea, na nawaandikia ndugu zangu mliofika karibuni ili nanyi msiipoteze miaka hiyo.

Tofauti na nyumbani ipo, siikatai. Tulikotoka, karibu na ikweta, mchana huwa na urefu wa saa 12 hivi mwaka mzima. Bogenvilia hufunika ukuta bila kubembelezwa, na tawi likichomekwa ardhini wakati wa mvua huota. Huku, ukiwa latitudo ya 50 kaskazini, mwanga wa tarehe 21 Desemba ni wa saa 8 tu, na hupungua kadiri unavyozidi kwenda kaskazini. Ukizipima bustani hizi mbili kwa wingi wa maua, ya huku unaionea.

Kilichonigeuza mawazo ni kichaka kimoja kilichopandwa kando ya uzio na aliyekaa nyumba hii kabla yangu. Jina lake la kitaalamu ni Cornus alba. Wakati wa joto hukitambui, ni kijani kama wenzake. Majani yalipopukutika zikabaki fito tupu, nyekundu kabisa, na asubuhi moja theluji ikiwa chini, jua la mlazo likazipiga kwa nyuma. Nilisimama dirishani hadi nikachelewa kazini. Baadaye nilijifunza kwamba fito changa ndizo zenye wekundu mkali, kwa hiyo mwisho wa baridi kichaka hukatwa karibu na ardhi ili kichipue upya. Mara ya kwanza mkono ulisita kukata kitu kizuri namna ile.

Nyumbani sikuwahi kuangalia gome la mti. Maua yalishajaza macho. Huku mti nauchagua kwa ngozi yake: Betula utilis, aina ile yenye shina jeupe kama chokaa, au Prunus serrula ambao gome lake hung'aa kama shaba iliyosuguliwa. Hili ni jambo ambalo baridi imenipa, na nikirudi nitaitazama miti ya kwetu kwa macho mengine.

Maua nayo hayakosekani. Kichaka kiitwacho Hamamelis huchanua katikati ya baridi, petali zake nyembamba kama vipande vya utepe. Baridi ikizidi hujikunja, ikilegea hujikunjua. Galanthus, vijiua vyeupe vilivyoinamisha kichwa, hutokeza hata penye theluji. Kuna pia asumini ya huku, Jasminum nudiflorum, ya manjano, inayochanua kwenye vijiti visivyo na jani. Niliiinamia nikitafuta harufu ya asumini niliyoijua tangu utotoni, nikaikosa, na siku ile nyumbani palinikaa moyoni. Ndipo nikapanda kichaka kidogo kiitwacho Sarcococca karibu na mlango. Maua yake ni madogo hata huyaoni, lakini harufu inakupokea kabla hujatoa ufunguo.

Siafikiani na wale wanaofyeka kila kitu mwezi wa Oktoba ili bustani ionekane safi. Acheni mabua na nyasi ndefu zilizokauka. Jalidi, yaani umande ulioganda, huzivika weupe asubuhi, ndege hula mbegu zake, na wadudu hujificha ndani ya mabua hayo hadi joto lirudi. Wala sioni haja ya kutundika taa kila tawi. Taa moja ya mwanga wa manjano chini ya shina jeupe inatosha. Zile za jua hazipati chaji ya kutosha siku zinapokuwa fupi, na viumbe wa usiku nao wanahitaji giza lao.

Wakati huu bustani huonwa zaidi kupitia dirishani, basi kizuri chako kipande panapoonekana ukiwa ndani. Vyungu vya udongo viinueni kidogo maji yatoke, kwa maana maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi na chungu hupasuka. Nyasi zenye jalidi msizikanyage, zitabaki na alama za nyayo.

Yote haya hupangwa mapema. Vitunguu vya maua ya tulipu navifukia kabla ardhi haijaganda, navyo huhitaji wiki 12 hadi 16 za baridi ndipo vichanue vizuri. Baridi ileile niliyokuwa nailaani ndiyo inayoyafungua maua yake.

Juzi nilimtumia mama picha ya zile fito nyekundu kwenye theluji. Akanipigia palepale: "Mwanangu, umezipaka rangi?"