Kwani Ana Mzigo wa Kupeleka Wapi?

Jana Mama Salma kafuta vumbi. Mwenye mke na kabati la vioo ashajua kilichofuata.

Aliyeanguka ni Optimus Prime wangu, yule roboti wa kuchezea, mwekundu na buluu, anayegeuka lori, toleo la 1984, zawadi ya marehemu mjomba wangu baharia. Kahama nami nyumba tatu, kawashinda wapwa zangu wote, kaja kuvunjwa bega na kitambaa cha vumbi. "Si kimkono tu kimekatika, Baba Salma." Kimkono! Kampuni ya Takara wa Japani walimuunda, Hasbro wa Marekani wakamuuza kwa jina la Optimus Prime, mimi nikamlinda na watoto. Kazi ngumu niliifanya mimi. Na ngumi zake huchomoka, wenziwe dunia nzima wamebaki vigutu, wangu anazo zote mbili. Moja sasa haina pa kuchomekwa.

Shemeji aliyeko Dubai kasema ninunue mpya, kwani Hasbro wameshamtoa upya mara kadhaa. Nikapiga hesabu ya usafiri na ushuru, nikaona nafuu nimkatie yeye tiketi amlete mkononi. Barazani kwenye kahawa sikumaliza hata kueleza.

Basi nikapanda daladala ya Fuoni, mtu mzima na mvi zangu, roboti kwenye mfuko wa mkate, mpaka kwa fundi wa redio nyuma ya soko la Darajani.

"Cha mjukuu?"

"Changu."

"Mjukuu ana miaka mingapi?"

"Fundi, changu."

Akanitazama juu ya miwani, kisha akamtazama mteja mwenye jagi la blenda, kama madaktari wawili mbele ya mgonjwa asiyejijua. Akachukua chupa ya dawa ya kutolea rangi ya kucha asafishe kidonda. Nikaidaka hewani! Ile inayeyusha plastiki hii kama kashata mdomoni.

"Haya, supaglu."

"Supaglu itaacha ukungu mweupe. Na bega likiganda halitazunguka, hatageuka lori tena."

"Kwani ana mzigo wa kupeleka wapi?"

Watu wakacheka. Wakati huo tushakuwa watu sita, nani kawaita sijui. Nikaeleza kwa upole: toboa tundu dogo kila upande, pitisha kipande cha waya katikati, gundi kidogo ndani. Ukishabandika ovyo thamani imekwenda. Hapo ndipo nilipokosea, kulitaja neno thamani.

"Thamani ngapi?" akauliza mwenye blenda.

Sikujibu.

"Hapo dukani wapo kwa elfu tano," akasema kijana wa urojo, "na wanaimba."

Bibi mmoja aliyekuwa akipita na kikapu akasimama. "Mwanangu, sanamu ndani ya nyumba? Malaika wataingiaje?"

"Bibi, hili ni lori."

"Lori lina macho?"

Jamani! Hata mawakili wangenyamaza. Nikamkunja mbele ya watu nimwoneshe lori, na katika kukunja, kioo cha mbele kikatoka kikaingia kwenye mfereji. Nimepiga magoti Darajani, saa sita mchana, kanzu yangu ya Ijumaa, nasaka kioo cha lori lisilofika ukucha wa lori. Fundi ananimulikia tochi ya simu na kunikumbusha kwamba tochi inakula chaji.

Nilikipata. Fundi akachomeka kisolda chake, apashe sindano moto atoboe. Umeme ukakatika.

"Uache," akasema. "Njoo kesho." Nami nikakubali kama mjinga, hata nikamshukuru. Nageuka kuondoka, macho yakapanda kwenye rafu. Feni ile naijua. Ni yangu! Niliileta Mfungo Mosi, nikaambiwa njoo kesho, na sasa kila panga lake limetundikwa rimoti za watu.