Kodi ikae kwenye ardhi, si kwenye gunia

Watanzania wanaofika jimbo la Iowa, Marekani, kwa mara ya kwanza hushangazwa na mahindi. Katika kaunti ya Buena Vista, kaskazini magharibi mwa jimbo, ekari moja kwa mwaka mzuri hutoa busheli zipatazo 200. Busheli ya mahindi ina kilo 25.4, kwa hiyo ni tani tano na ushee, yaani magunia hamsini ya kilo mia. Picha za mashamba hayo ndizo tunazozituma nyumbani. Kwa maoni yangu, la kuigwa haliko shambani. Liko mjini Storm Lake, makao makuu ya kaunti, kwenye kaunta ya ofisi ya serikali ambako mtu yeyote anaweza kuuliza shamba fulani ni la nani na limelipiwa kodi kiasi gani.

Daftari hilo la ardhi lina historia, na si yote ya kujivunia. Sheria ya vipimo ya mwaka 1785 iliagiza ardhi ya magharibi igawanywe katika miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba ukatwe vipande 36 vya ekari 640, na kipande cha 16 kitengwe kwa ajili ya shule. Wadakota na makabila mengine ya wenyeji wa asili walipoteza ardhi ya kaskazini magharibi mwa Iowa kwa mikataba, ukiwemo ule wa 1851, mwaka uleule ambao kaunti hii ilichorwa kwenye ramani. Reli ilifika Storm Lake mwaka 1870, na miaka minane baadaye makao makuu yakahamishiwa hapo kutoka Sioux Rapids. Hadi leo barabara nyingi za changarawe hupita kwenye mipaka ya vipande hivyo, moja kila maili, na hati ya shamba husomeka kwa namba ya kipande. Ugomvi wa mpaka hautafuti mzee anayekumbuka mti uliong'olewa.

Iowa ina kaunti 99. Kila moja huongozwa na baraza la wasimamizi watatu au watano, na wananchi humpigia kura pia mweka hazina, msajili wa hati, sherifu, mwendesha mashtaka na yule wanayemwita mkaguzi, ambaye kazi zake hasa ni za karani mkuu: uchaguzi, bajeti na hesabu za kodi. Wote hukaa miaka minne. Hakuna anayeteuliwa kutoka ikulu. Kwetu diwani huchaguliwa, lakini mkurugenzi anayeshika kalamu ya malipo huteuliwa na Rais, na mkuu wa wilaya vilevile. Mwananchi akikasirishwa na daraja lililovunjika, kura yake haimfiki mwenye kalamu.

Kodi yenyewe ndiyo kiini. Mthamini wa kaunti haangalii bei ambayo shamba lingeuzwa leo. Hukokotoa uwezo wake wa kuzalisha kwa wastani wa miaka mitano, kisha thamani hugawanywa kulingana na ubora wa udongo. Shule, kaunti na mji hupanga viwango vyao kwa kila dola elfu ya thamani, na shule kwa kawaida huchukua fungu kubwa kuliko wote. Malipo ni mara mbili: nusu ya kwanza kabla ya Septemba kwisha, ya pili kabla ya Machi kwisha. Ukichelewa, riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi. Muhimu zaidi, mwenye ekari 500 alizoziacha bila kulima bado hulipa kodi, kama jirani anayelima. Mahindi yakipakiwa kwenye lori kwenda kwenye vihenge, hakuna geti la ushuru njiani.

Kwetu ni kinyume. Shamba la kimila kwa kawaida halilipiwi kodi ya mwaka, na halmashauri hutegemea ushuru wa mazao. Kisheria hulipa mnunuzi, lakini kila mkulima anajua mnunuzi huukata kwenye bei. Kwa hiyo anayetoa jasho ndiye anayelipa, na aliyehodhi ekari mia za vichaka akisubiri bei ipande hatoi kitu. Kodi ya majengo nayo, tangu 2021, hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ni rahisi kuikusanya, nakubali, ila nyumba hailipi kwa thamani yake, na mara nyingi anayekatwa ni mpangaji anayenunua umeme.

Msidhani huku mambo ni sawasawa. Ardhi ya Buena Vista ilikuwa na madimbwi mengi. Ilikaushwa kwa mabomba ya udongo wa kuchoma yaliyofukiwa chini ya mashamba, na wasimamizi wa kaunti ndio wadhamini wa mifereji hiyo. Maji hayo hubeba naitreti ya mbolea hadi Mto Raccoon, ambao watu wa Des Moines, mji mkuu wa jimbo, huunywa. Kikomo chake kwenye maji ya kunywa ni miligramu 10 kwa lita, ikipimwa kama naitrojeni. Mwaka 2015 mamlaka ya maji ya Des Moines iliwashtaki wasimamizi wa kaunti za Buena Vista, Sac na Calhoun kwa sababu ya naitreti hiyo. Mwaka 2017 kesi ilitupwa. Gazeti dogo la mjini, Storm Lake Times, lilihoji nani anawalipia wasimamizi mawakili, na mhariri wake Art Cullen akapata tuzo ya uandishi ya Pulitzer mwaka huohuo. Kaunti yenye mamlaka inaweza kutekwa na wenye mashamba, na bila gazeti linalosoma vitabu vyake, kura peke yake haitoshi.

Halafu kuna hatari ya kupoteza ardhi. Bei ya mashamba ya Iowa ilipanda hadi 1981, kisha kufikia 1986 ikawa imeanguka kwa zaidi ya asilimia 60. Waliokopa kwa dhamana ya shamba walifilisika. Deni la kodi pia hupigwa mnada Jumatatu ya tatu ya Juni: mnunuzi hulipa deni, hudai riba ya asilimia 2 kwa mwezi, na baada ya mwaka mmoja na miezi tisa anaweza kutoa notisi ya siku 90 kisha kudai hati. Leo zaidi ya nusu ya ardhi ya kilimo ya Iowa hulimwa na wapangaji. Pocahontas, kaunti jirani, ilikuwa na watu zaidi ya 15,000 mwaka 1930. Mwaka 2020 walibaki kama 7,000. Storm Lake imepona kwa sababu ya viwanda vya nyama ya nguruwe na bata mzinga, vinavyoendeshwa kwa mikono ya wahamiaji.

Mnada huo tusiuchukue. Tuchukue daftari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 tayari inataka kila kijiji kiwe na masijala ya ardhi. Kinachokwama ni mambo madogo: chumba chenye kufuli, na desturi ya kubadilisha jina mwenye shamba anapofariki. Watoto hugawana, daftari hubaki na jina la marehemu, na baada ya miaka kumi halina kazi. Kijiji chenye masijala iliyo hai kinaweza kuanza na tozo ndogo ya mwaka kwa ekari, itakayowasamehe wenye chini ya ekari tano, na makusanyo yasomwe jina kwa jina kwenye mkutano mkuu wa kijiji wa kila miezi mitatu. Geti la ushuru liondolewe siku hiyohiyo tozo inapoanza. Vikiachwa viwili pamoja, mkulima atalipa mara mbili.