Na ya kutolea

Kwenye kikao chochote cha familia siku hizi hakosekani mzee wa kulalama: watoto hawaji kutuona, wanatuma hela tu, simu imeua undugu. Lalamiko hilo lina ukweli wake. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia kwetu Tanzania mwaka uliofuata, mtu anaweza kutuma rambirambi ya Tukuyu akiwa kitandani Mwanza, asiende. Wapo wanaofanya hivyo, nawajua.

Ila wanaolalama wamesahau tulikotoka. Hela ilitiwa kwenye bahasha akapewa kondakta wa basi, au "mtu anayekwenda". Ilifika baada ya wiki, wakati mwingine pungufu, wakati mwingine haikufika. Na huko kuja kwenyewe kulikuwa Desemba, tena si kila Desemba.

Tazama hela ya kutolea, ile nyongeza ya kufidia makato ya kutoa hela kwa wakala. Bibi yangu, mwenye kitochi chake, simu ndogo ya vibonyezo, akitumiwa 20,000 kavu anashukuru tu. Ikija na ya kutolea juu, anamtangazia wakala ili foleni nzima isikie: "Huyu kaweka na ya kutolea!" Ni shilingi ngapi hiyo? Si nyingi. Lakini bibi anajua mjukuu amekaa akamfikiria pale dirishani kwa wakala akikatwa, akasema hapana, asikatwe. Tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilipokuja Julai 2021, sh 10 hadi 10,000 kwa kufuata kiasi, anayetuma akawa anakatwa na anayetoa anakatwa, hesabu ikawa ngumu. Hata ilipopunguzwa kwa asilimia 30 Septemba bado tulikuwa tunapigiana kwanza: nitume leo, au nikusanye nitume kwa mkupuo? Tozo ilituudhi wote, wakubwa kwa wadogo. Ila sikumbuki miezi mingine ambayo bibi na sisi tuliongea sana kama ile.

Ninapowapa wazee haki yao ni kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mahari inajadiliwa humo, michango inapangwa humo, na babu mwenye kitochi analetewa uamuzi ukiwa umeshapikwa. Huko ni kumvua mtu ukubwa wake. Halafu kuna namba ya siri: bibi asiyesoma anabonyezewa na kitukuu, kwa hiyo kitukuu anajua salio kabla yake. Na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanawapata pia wazee hao hao. Haya yanahitaji mtu wa kukaa na mzee amwelekeze, na hapo kweli hela haitoshi.

Lakini kwamba kutuma kunamaliza maongezi? Nikituma, bibi anabipu mara mbili. Ya kwanza, imefika. Ya pili, nipigie, nina maneno.