Mafundi, acheni kukimbilia kupiga Windows

Hivi kwa nini kompyuta ikigoma kufunguka tu, fundi anakimbilia kupiga Windows upya, yaani kuweka upya mfumo unaoendesha kompyuta? Yangu ilikuwa inaishia kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe, na kila nikichomoa waya wa umeme tarehe inarudi nyuma miaka. Hiyo ni dalili ya betri ndogo ya ndani, CR2032, kidude cha volti 3 kama sarafu. Ikiisha, mashine inasahau saa na mipangilio yake, pengine hata diski ya kuanzia.

Fundi hakufungua hata skrubu moja. Alifuta kila kitu! Picha za marehemu mama zilikuwa humo. Jamani, si ungeuliza kwanza kama kuna mafaili ya kuhifadhi? Na kesho yake ikagoma vilevile.