Maumivu ya mwili mzima hayatafutwi maabara

Mgonjwa wa fibromialgia, yaani maumivu ya muda mrefu ya mwili mzima, hufika kliniki na bahasha nene ya majibu ya vipimo. Ndani kuna Widal (kipimo cha taifodi), brusela, asidi ya yuriki (ya gauti), eksirei ya mgongo, na kila kituo kimempa jina lake. Mwezi huu taifodi, mwezi ujao gauti, katikati sindano za diklofenaki ya kutuliza maumivu. Msimamo wangu ni kwamba ugonjwa huu hutambuliwa kwa maswali, na kipimo kisicho na sababu huzaa jina la uongo tu. Widal moja haithibitishi hata hiyo taifodi.

Vigezo vya 2016 vya kuutambua vinahitaji karatasi na kalamu. Mtu aonyeshe, kati ya sehemu 19 za mwili, zipi zimemuuma wiki iliyopita. Uchovu, kuamka umechoka vilevile, na akili kuwa nzito: kila kimoja kipewe alama 0 hadi 3. Maumivu ya kichwa, ya tumbo la chini na sonona katika miezi 6 iliyopita, alama 1 kila kimoja. Sehemu 7 au zaidi na alama 5 au zaidi, ama sehemu 4 hadi 6 na alama 9 au zaidi, maumivu yakiwa katika angalau kanda 4 kati ya 5 za mwili na hali imedumu angalau miezi 3: jibu limepatikana. Kubonyeza sehemu 18 za mwili kutafuta maumivu ni desturi ya vigezo vya 1990, si lazima tena. Na mwenye baridi yabisi anaweza kuwa na fibromialgia pia. Hapo ndipo wengi, maumivu yote yakidhaniwa ni ya baridi yabisi, huongezewa dawa kali za viungo bure.

Damu ipimwe kidogo: picha kamili, ESR au CRP (vipimo vya mwako mwilini), homoni ya tezi ya shingo, na CK (kimeng'enya cha misuli) kama misuli imelegea. Viungo vikivimba, homa isipoisha au mtu akikonda, tafuta ugonjwa mwingine.

Kwa nini diklofenaki na deksamethasoni, dawa za kupunguza mwako, hazisaidii? Kwa sababu shida si mwako wa viungo. Ubongo na uti wa mgongo ndivyo vinavyokuza ishara za maumivu. Maumivu ni ya kweli kabisa, ila sindano inalenga pasipo na kitu, huku tumbo na figo vikilipa.

Kati ya tiba zote, mwongozo wa 2017 wa EULAR, muungano wa Ulaya wa wataalamu wa magonjwa ya viungo, uliyapa mazoezi peke yake pendekezo lenye nguvu. Wengi hushindwa kwa pupa: siku ya nafuu wanafua, wanalima, wanadeki nyumba nzima, kisha siku tatu kitandani, na lawama zote kwa mazoezi. Anza kutembea dakika 5 hadi 10, siku nzuri na mbaya sawasawa, ongeza dakika mbili tatu kila wiki hadi kufikia 30. Wiki za mwanzo mwili utauma zaidi kidogo, na mgonjwa asipoambiwa mapema ataacha.

Usingizi ukiwa mbovu, amitriptilini miligramu 10 jioni, saa moja au mbili kabla ya kulala. Kidonge kikiwa cha 25, nusu inatosha kuanzia. Mdomo utakauka, choo kitakuwa kigumu. Mwenye hitilafu ya mapigo ya moyo, presha ya macho au tezi dume iliyovimba amweleze daktari kwanza. Wengi huitupa wakisoma kwamba ni dawa ya sonona, kwa hiyo anayeandika aeleze: kwa kipimo hiki kidogo inalenga usingizi na maumivu. Ipewe wiki 4 hadi 8 kabla ya kuihukumu, na isichanganywe kiholela na tramadoli, dawa kali ya maumivu, maana pamoja zinaweza kuleta degedege.